Wapiga debe wa mwaka 2015, na mwenza tuliyesahau kumuuliza

Fundi cherehani aliyekuwa akinishonea nguo pale Tandika alikuwepo viwanja vya Mwembe Yanga, Dar es Salaam, tarehe 15 Septemba 2007, siku Dk. Willibrod Slaa wa chama cha upinzani cha Chadema aliposimama jukwaani na kutaja hadharani majina ya vigogo aliowatuhumu kwa ufisadi. Jina la Edward Lowassa, wakati huo Waziri Mkuu, lilikuwemo. Fundi aliyahifadhi majina yale kama mtoto wa madrasa anavyohifadhi juzuu, na kila mteja aliyekaa kwenye benchi lake aliyasikia. Miezi mitano haijatimia, Februari 2008, Lowassa akajiuzulu kwa kashfa ya Richmond, ule mkataba wa umeme wa dharura. Lowassa alishikilia siku zote kwamba hakutenda kosa. Kwa Fundi, hata hivyo, maneno ya Mwembe Yanga yalikuwa yamethibitika.

Miaka saba ikapita, na chama kile kile cha Slaa kikamletea Fundi mgombea urais: Edward Lowassa.

Nimekirudia kisa hiki mara nyingi kwa sababu sijaona kingine nchini mwetu kinachoonyesha waziwazi kiasi hiki mambo mawili tunayoyabishania kila uchaguzi ukikaribia. La kwanza, mtu mkubwa akisimama na kusema "mpigieni fulani", au "msimpigie", kura zinahama kweli? La pili, huyu mgombea mwenza anayeinuliwa mkono jukwaani pamoja na mgombea ana kura zake, au kura zote ni za mwenye jina?

Kwanza niweke mambo yalivyokwenda.

Julai 2015 makada 38 wa chama tawala, CCM, walirudisha fomu za kuomba kugombea urais. Kamati Kuu ilipokaa Dodoma ikabakiza watano, na Lowassa hakuwemo. Wajumbe wa Halmashauri Kuu wakaimba kwamba wana imani naye, mbele ya Mwenyekiti wao Jakaya Kikwete, lakini mchujo ulikuwa umeshapita. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu, akiwemo Emmanuel Nchimbi, wakajitokeza hadharani kusema hawakubaliani na uamuzi ule. Majina matatu yakaenda Mkutano Mkuu: John Magufuli, Amina Salum Ali na Asha-Rose Migiro. Magufuli akapata kura 2,104, asilimia 87. Siku hiyo hiyo, tarehe 12, akatangazwa mwenza wake: Samia Suluhu Hassan, Mbunge wa Makunduchi, aliyekuwa Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba mwaka uliotangulia. Vijiweni Dar es Salaam jina lake lilijadiliwa kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa, kisha tukarudi kwa Lowassa.

Tarehe 28 Julai Lowassa akahamia Chadema. Tarehe 4 Agosti, katika ukumbi wa Mlimani City, akapitishwa kuwa mgombea akiungwa mkono na vyama vinne vya Ukawa, yaani Chadema, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD. Mwenza wake akawa Juma Duni Haji wa CUF. Hapo sheria ikaingia: mgombea na mwenza lazima wapendekezwe na chama kimoja, na muungano wa vyama si chama. Duni akalazimika kuiacha CUF na kuchukua kadi ya Chadema ili asimame.

Kisha ikaja mvua ya majina, wengine wakiingia na wengine wakitoka. Tarehe 6 Agosti Profesa Ibrahim Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF. Tarehe 22 Agosti Frederick Sumaye, Waziri Mkuu wa miaka kumi chini ya Mkapa, akajiunga na Ukawa. Tarehe 1 Septemba Slaa akaita waandishi wa habari hapa Dar na kutangaza kwamba anaachana na siasa za vyama, akieleza kwa kirefu kwa nini hawezi kumuunga mkono Lowassa. Oktoba mwanzoni mzee Kingunge Ngombale-Mwiru, mmoja wa waliokijenga CCM, akatangaza kukihama. Ndani ya miezi miwili tulikuwa na Mawaziri Wakuu wawili wastaafu upande wa upinzani, na wapinzani wawili waliogombea urais mwaka 2010 wakiwa wamekaa pembeni. Sijui kama mpiga kura wa Tanzania amewahi kuambiwa na watu wengi kiasi kile, kwa muda mfupi kiasi kile, nani ampigie na nani asimpigie.

Kwenye viwanja vya Jangwani zilifurika pande zote mbili. CCM ilifungua kampeni pale tarehe 23 Agosti, Ukawa tarehe 29. Wasanii walipanda majukwaa, na vijana wa Bongo Fleva na wa Bongo Movie wakagawana rangi, kijani huku na kaki kule. Kila upande ukapiga picha nyomi yake na kuirusha kwenye simu kama ushahidi wa ushindi. Nilikwenda kote kuwili, na nyuso nyingi nilizoziona Jumapili ya kijani niliziona tena Jumamosi iliyofuata. Wasanii wanajaza viwanja, na kujaza kiwanja kuna faida yake, kwa sababu kunatia moyo wanaoamini tayari. Zaidi ya hapo sitawapa.

Sasa tuangalie hesabu, maana hapa ndipo wengi walipoteleza.

Mwaka 2010 Kikwete alipata kura takriban milioni 5.28, sawa na asilimia 62.83. Slaa alipata asilimia 27.05 na Lipumba 8.28. Wajumlishe hao wawili unapata kama asilimia 35, kura zisizofika milioni 3. Mwaka 2015, Slaa na Lipumba wakiwa wamejiondoa na Lowassa akiwa ameingia na msafara wake wote, Ukawa ilitangaziwa kura 6,072,848, asilimia 39.97. Magufuli alitangaziwa 8,882,935, asilimia 58.46. Ukawa waliyapinga matokeo hayo, na Katiba yetu hairuhusu mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais baada ya Tume ya Uchaguzi kumtangaza mshindi, kwa hiyo ubishi ule haukupata pa kupelekwa. Kwa anayepima mvuto wa majina, takwimu za Tume ndizo zilizopo, nami nazitumia nikijua kwamba wapo wasiozikubali.

Ukitazama kura zenyewe, Ukawa ilizidisha mara mbili na ushee. Ni mruko mkubwa. Lakini CCM nayo iliongeza kura milioni 3.6, na Ukawa ikaongeza milioni 3.1. Kilichopanda zaidi ya kitu kingine ni idadi ya waliojitokeza: kutoka milioni 8.6 hadi milioni 15.6. Kwa mgao wa asilimia, vigogo wote wale walisogeza mizani kwa pointi zisizofika tano.

Hapa Dar nakumbuka jinsi vitu viwili vilivyokutana. Uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za BVR ulikuwa ukiendelea mwishoni mwa Julai, siku zile zile Lowassa alipohama. Watu walikuwa kwenye foleni tangu alfajiri, na mazungumzo ya foleni yalikuwa hayo hayo. Kijana asiyejali siasa aliposikia kwamba safari hii kuna mechi, alikwenda kuchukua kadi. Na jirani yake mwenye CCM damuni aliposikia hivyo hivyo, naye akaenda. Jina kubwa likihama linaamsha timu zote mbili.

Mimi naliona hivi. Nenda stendi ya Mbagala Rangi Tatu asubuhi umtazame mpiga debe. Anaita kwa sauti ya kukauka, anabeba mizigo ya watu, anasukuma, na basi linajaa haraka kuliko lingejaa bila yeye. Ana kazi na anastahili ujira wake. Lakini hajawahi kumchukua abiria wa Gongo la Mboto akamtia kwenye basi la Kariakoo. Abiria anajua anakokwenda kabla hajafika stendi. Lugha yetu inaiita kampeni "kupiga debe", na nadhani waliolianzisha neno hilo waliona sawasawa.

Fundi wangu ni shahidi. Nilimkuta Septemba ile, siku chache baada ya Slaa kuzungumza, redio iko juu ya meza na suruali ya mtu imelala chini ya sindano.

"Fundi, mzee wako kaondoka. Unafanyaje?"

Hakunitazama. "Slaa nampenda na maneno yake nayaamini yote. Ila mimi sikuingia upinzani kwa sababu ya Slaa, ndugu yangu. Niliingia kwa sababu ya hawa waliopo. Kwani wameondoka?"

Alimpigia Lowassa. Alimpigia pia mgombea ubunge wa CUF pale Temeke, Abdallah Mtolea, akashinda. Maneno ya mtu aliyemwamini kuliko wanasiasa wote hayakumsogeza, kwa sababu sababu yake ya kupiga kura ilikuwa mahali pengine.

Lakini nisiseme kwamba maneno ya Slaa hayakuvuna kitu. Namkumbuka mwalimu wa sekondari tuliyekuwa tukipanda naye daladala moja. Mwaka 2010 alimpigia Slaa kwa jambo moja tu, rushwa. Hakuwa na ugomvi mwingine na serikali. Slaa alipotoka na kusema alichosema, mwalimu alikosa kabisa mahali pa kusimama, kisha akamtazama Magufuli, waziri wa barabara anayekariri idadi ya madaraja bila karatasi, akahamia huko. Tofauti kati ya mwalimu na Fundi haikuwa imani yao kwa Slaa, wote walimwamini. Tofauti ni kwamba kwa mwalimu, Slaa aligusa sababu yenyewe iliyomfanya apige kura. Kwangu hicho ndicho kipimo. Anayekuunga mkono akigusa sababu ya mpiga kura, kura inasogea. Asipoigusa, anaongeza kelele.

Na hapo ndipo Chadema walipolipa gharama ambayo sidhani waliipima vizuri. Walipata mtu mwenye mtandao, mwenye uzoefu, mwenye wafuasi hadi ndani ya vikao vya CCM. Wenyeviti wa CCM wa mikoa ya Singida na Shinyanga walimfuata. Wakati huo huo wakampa Magufuli zawadi: neno "ufisadi", walilolijenga tangu Mwembe Yanga, likawa halikai vizuri midomoni mwao. Mgombea wa chama tawala akazunguka nchi nzima akiahidi mahakama ya mafisadi, na wapinzani, wenye neno lao, wakabaki na "mabadiliko". Naandika hili kwa uchungu. Kazi ya miaka minane ya watu waliohatarisha maisha yao iliwekwa rehani ndani ya wiki moja.

Jirani zetu Kenya wanasema jambo lile lile kwa sauti kubwa zaidi. Mwaka 2002 Raila Odinga alisimama Uhuru Park akatamka "Kibaki tosha", na Kibaki akashinda kwa asilimia 62. Mwaka huo huo Rais Moi alimnyanyua mkono Uhuru Kenyatta kwa nguvu zote za dola, akashindwa. Watu walikuwa wameshachoka na KANU, chama cha Moi. Raila aliwaita kwenye basi walilokuwa wakilisubiri, Moi akawaita kwenye lile walilotaka kushuka. Miaka ishirini baadaye Uhuru, sasa akiwa Rais, akamuunga mkono Raila, na Raila akamchukua Martha Karua wa Kirinyaga kuwa mwenza. Mlima Kenya kwa sehemu kubwa ukampigia William Ruto na mwenza wake Rigathi Gachagua, na Kirinyaga kwenyewe hakukuwa tofauti.

Nimeliacha suala la mwenza kwa makusudi, maana lina njia yake.

Katiba yetu inasema Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu atoke upande wa pili. Kwa hiyo mwaka 2015 wenza wa wagombea wakubwa wote wawili walitoka Zanzibar, kama ilivyokuwa kwa CCM tangu mwaka 1995: Omar Ali Juma, kisha Shein, kisha Bilal. Walioandikishwa Zanzibar mwaka ule walikuwa kama laki 5, na Tanzania nzima zaidi ya milioni 23. Hata mwenza akiizoa Zanzibar yote hadi kura ya mwisho, hawezi kumvusha mtu. Wako wanaosema mwenza hulinganisha dini. Mwaka 2005 Kikwete na Shein walikuwa Waislamu wote wawili wakapata asilimia 80, basi hesabu hiyo nayo haishiki.

Kazi ya mwenza kwetu naiona zaidi ndani ya vikao kuliko vituoni. Duni aliwekwa pale ili CUF ijione iko ndani ya nyumba na si kwenye kibaraza. Bila yeye, kiongozi wa CUF Mbagala au Tandika angewaambiaje wanachama wake wampigie mtu wa Monduli kwa kadi ya Chadema, wiki ile ile mwenyekiti wao mwenyewe amejiuzulu? Duni alikuwa gundi. Pale Dar gundi iliposhika, matunda yalionekana: majimbo sita kati ya kumi yalikwenda Ukawa. Kawe, Ubungo, Kibamba na Ukonga kwa Chadema, Kinondoni na Temeke kwa CUF. Pale isiposhika, Segerea, Chadema na CUF walisimamisha kila mmoja mtu wake, na CCM ikapita katikati huku kura za wawili wale zikijumlishwa zinaizidi. Segerea inanifundisha kuhusu thamani ya mwenza kuliko mikutano yote ya Jangwani.

Na Samia? Palikuwa na mama anayekaanga vitumbua kwenye kona ya mtaa wetu, mtu mzima tuliyekuwa tukimwamkia kabla ya kununua. Yeye ndiye pekee niliyemsikia akimzungumzia mwenza kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umemwona yule mama wa Magufuli? Anaongea taratibu, hatukani mtu. Yule angekuwa yeye ndiye juu ningempigia hata leo."

"Kwa hiyo CCM?"

"Mimi CCM tangu TANU ya baba yangu. Lakini mwaka huu naipigia kwa raha."

Kura ile haikuhama popote. Ilikuwa ya CCM na ikabaki ya CCM. Ila ilipigwa kwa moyo, na mtu anayepiga kwa moyo anaamka mapema, anawaamsha na wanawe wawili waende naye.

Yaliyofuata baada ya uchaguzi wanaoyakumbuka watakubali yanauma. Wabunge wa Kinondoni, Ukonga na Temeke, wale wale walioletwa na wimbi la 2015, mmoja baada ya mwingine wakahamia CCM kati ya mwishoni mwa 2017 na 2018, tukarudia chaguzi. Slaa akateuliwa kuwa balozi. Duni akarudi CUF. Lowassa akarudi CCM Machi 2019, Sumaye mwaka uliofuata, na Lowassa akafariki Februari 2024. Nchimbi, aliyepinga mchujo wa Dodoma, mwaka 2025 CCM ikamfanya mgombea mwenza wa Samia. Fundi hakuhama. Alibaki na cherehani yake na sababu zake zile zile, na sioni kwa nini mtu aliyeuza sauti yake kwa pande tatu aitwe mwanasiasa mzoefu na Fundi aitwe mpiga kura wa kawaida.

Kwa nini basi tunamdharau mwenza? Historia yetu wenyewe ilitupa onyo. Oktoba 2005, siku chache kabla ya kura, Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa Freeman Mbowe wa Chadema, alifariki dunia. Uchaguzi uliopangwa tarehe 30 Oktoba ukasogezwa hadi tarehe 14 Desemba, nchi nzima, kwa sababu ya mtu ambaye wapiga kura wengi hawakulijua jina lake. Sheria ilimwona mzito kuliko tulivyomwona sisi. Mabasi ya mikoani yanayosafiri mbali huwa na madereva wawili. Abiria anayekata tiketi anatazama rangi ya basi na bei, haulizi wa pili ni nani wala amelala vipi.

Usiku wa tarehe 17 Machi 2021 Samia alitokea kwenye televisheni akatuambia Rais Magufuli amefariki, hapa hapa Dar es Salaam. Asubuhi yake nilipita Tandika. Kijiwe cha kahawa kilikuwa kimejaa na kimya, halafu ubishi ukaanza taratibu. Mmoja akasema Waziri Mkuu ndiye anayeshika. Mwingine akasema Spika, na uchaguzi ndani ya siku tisini. Mtu mzima mmoja akasema jeshi lipo, msihofu. Fundi akatoa simu, akaitafuta Katiba, akasoma ibara ya 37 kwa sauti, polepole, kama alivyokuwa akiyasoma yale majina ya Mwembe Yanga: Makamu wa Rais ataapishwa na kuwa Rais kwa muda uliobaki wa kipindi cha miaka mitano.

Miaka minne na zaidi ilikuwa imebaki. Watu wakatazamana.

Mama wa vitumbua alikuwa anapanga sahani zake, hajasema neno tangu asubuhi. "Mnashangaa nini?" akauliza. "Si tumempigia mara mbili?"